Mzee ni nani? Historia ya sheria za Marekani dhidi ya ubaguzi wa umri kazini

Kibaraza kilikaa kimya wiki mbili maana tesiti zilitubana, na waliopita chuoni wanajua wiki ya tesiti ikigongana na bumu lililochelewa mambo yanakuwaje. Tumetoka salama. Leo naomba tuzungumze historia, kwa sababu semina ya wiki hii imeniachia swali ambalo nimelitafutia majibu maktaba mpaka wakaanza kuzima taa.

Swali lenyewe ni hili. Sheria ya Haki za Kiraia ya Marekani ya 1964 ilimkataza mwajiri kumbagua mtu kwa rangi, dini, jinsia au asili ya taifa lake. Umri haukutajwa. Kwa nini? Watu waliokuwa wanaandika moja ya sheria kubwa kabisa za haki katika karne ile, walishindwa nini kuongeza neno moja tu?

Jibu langu baada ya kusoma ni hili: wakubwa wa wakati ule waliamini kwamba anayemkataa mtu mweusi anafanya hivyo kwa chuki, ila anayemkataa mtu wa miaka 55 anadhania tu kwamba hawezi kazi. Hamchukii. Huyo mwenye miaka 55 pengine ni sawa na baba yake. Basi ubaguzi wa umri ukapewa sheria yake ya pembeni, yenye meno machache. Historia yote iliyofuata ni ya watu waliokuja kugundua mahakamani kwamba meno hayo hayatoshi. Twende taratibu.

KIWANDA KILIPOANZA KUHESABU MIAKA

Shambani mtu hastaafu siku moja. Babu anapunguza jembe kidogo kidogo: mwaka huu nusu eka, mwakani anakaa kivulini anachambua mbegu na kuamua ugomvi wa wajukuu. Kiwandani hakuna kivuli hicho. Mashine ina kasi yake, na msimamizi anataka mtu wa kwenda nayo. Marekani ilipohama kutoka shambani kwenda kiwandani, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, makampuni makubwa yakaanza kuweka umri kwenye karatasi. Kampuni ya reli ya Pennsylvania, kwa mfano, ilianzisha mpango wa pensheni mwaka 1900 na ndani yake ikaweka kustaafishwa kwa lazima ukifika miaka 70. Pensheni na mlango wa kutokea vilikuja pamoja.

Mawazo ya wasomi nayo yalikuwa hayohayo. Februari 1905, daktari maarufu William Osler alitoa hotuba ya kuaga Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Baltimore. Alikuwa na miaka 55, anakwenda kufundisha Oxford. Katika hotuba ile alisema kazi kubwa za dunia zimefanywa na watu wa chini ya miaka 40, na kwamba mtu akipita 60 afadhali apumzike. Akatia na mzaha wa kuwalaza wazee kwa klorofomu. Magazeti yakaudaka mzaha ule, nchi nzima ikawaka kwa hasira. Cha kuchekesha ni kwamba Osler mwenyewe hakupumzika. Alishika kazi Oxford mpaka alipofariki 1919, akiwa na miaka 70.

Sasa, wakati Osler anatoa mzaha wake, jimbo moja lilikuwa limeshachukua hatua. Mwaka 1903 Colorado ilipitisha sheria ya kumzuia mwajiri kumfukuza mtu mwenye umri wa kati ya miaka 18 na 60 kwa sababu tu ya umri. Hebu angalieni mwaka tena: 1903. Ni miaka 64 kabla ya Washington kuamka. Kwenye jambo hili majimbo ndiyo yaliyotangulia, na serikali ya shirikisho ikafuata nyuma.

Massachusetts nayo ikatunga yake 1937, katikati ya ule Mdororo Mkuu wa uchumi, wakati kazi ni chache na foleni ni ndefu. Foleni ikiwa ndefu, mwajiri anahitaji kisingizio cha kupunguza watu, na umri ni kisingizio rahisi kuliko vyote. Huhitaji hata kumhoji mtu, unamtazama nywele tu. New York ikaongeza umri kwenye sheria yake ya kuzuia ubaguzi mwaka 1958. Kufikia katikati ya miaka ya 1960, majimbo yasiyopungua 20 yalikuwa na sheria ya aina hii. Lakini kila jimbo lilikuwa na lake, kuna lililotamka tu katazo bila kuweka ofisi ya kulisimamia, na ukivuka mpaka wa jimbo ulinzi wako unabaki nyuma.

RIPOTI YA WAZIRI

Turudi 1964. Si kweli kwamba hakuna aliyekumbuka umri. Ndani ya Kongresi yalitolewa mapendekezo ya kuuongeza kwenye sheria, yakaangushwa. Wapo waliosema hatujui vya kutosha kuhusu tatizo hili. Wapo waliohofia kwamba ukiuzidishia mtumbwi mzigo utazama, maana sheria yenyewe ilikuwa inapigwa vita kali na wabunge wa kusini. Mwisho ukafanyika mpango wa kati: sheria ikamwagiza Waziri wa Kazi achunguze na alete ripoti. Tunaijua hii kwetu. Jambo likiwa gumu, undeni kamati!

Tofauti ni kwamba ripoti hii ilikuja kweli. Waziri Willard Wirtz aliitoa Juni 1965, na takwimu zake zilishtua. Karibu nusu ya nafasi za kazi zilizokuwa zinatokea kila mwaka kwenye sekta binafsi zilikuwa zimefungwa kwa mtu aliyezidi miaka 55. Robo zilikuwa zimefungwa kwa aliyezidi 45. Yaani mtu hajakosea lolote, ana uzoefu, ana afya, na kila nafasi mbili zikitangazwa, moja si yake.

Nilichokipenda kwenye ripoti ya Wirtz ni jinsi alivyotenganisha mambo. Alisema hakuona ushahidi wa chuki kwa wazee kama ile ya rangi au dini. Alichokiona ni waajiri kuweka kikomo cha umri kwa kudhania, bila kupima kama kweli mtu wa umri ule hawezi ile kazi. Aliona pia taratibu ambazo hazikukusudia ubaya lakini zinafunga mlango, kama mipango ya pensheni inayofanya kumwajiri mtu mzima kuonekana ni gharama, au desturi ya kupandisha watu wa ndani tu, hivyo mgeni wa miaka 50 hana pa kuingilia.

Ni uchambuzi mzuri na wa haki. Lakini ndani yake ndiko ulikotoka ule udhaifu. Ukishasema "hawa hawachukii, wanakosea hesabu tu", unaandika sheria ya kurekebisha hesabu. Huandiki sheria ya kupambana na dhulma.

WAHUDUMU WA NDEGE WA MIAKA 32

Kabla hatujafika kwenye sheria yenyewe, kuna kisa lazima niwape. Miaka ileile, mashirika kadhaa ya ndege ya Marekani yalikuwa na utaratibu wa kuwaondoa wahudumu wa kike kwenye ndege wakifika umri fulani. American Airlines ilikuwa imeweka miaka 32 kwa walioajiriwa kuanzia mwisho wa 1953. Thelathini na mbili! Dada zetu wa mwaka wa tatu hapa, wengine wangebakiwa na miaka minane tu ya kazi.

Wahudumu hawa walikwenda Kongresi mwaka 1965 kutoa ushahidi mbele ya kamati iliyokuwa inashughulikia ubaguzi wa umri. Mbunge mmoja, James Scheuer, akawaomba wasimame ili kamati ione ukubwa wa tatizo. Mzaha mwingine huo, na nadhani wale kina dada waliuelewa vizuri kuliko alivyodhani. Walikuwa wamekuja kulalamika kwamba wanapimwa kwa macho, na ndani ya Bunge wakapimwa kwa macho.

Sheria ilipokuja, haikuwasaidia. Rasimu ya serikali ilitaka ulinzi uanze miaka 45. Kongresi ikashusha mpaka 40. Hapo ikasimama. Mhudumu wa miaka 32 alikuwa mzee mno kwa shirika la ndege na kijana mno kwa sheria ya wazee. Kilichowaokoa ni ile sheria nyingine, ya 1964, kwa upande wa jinsia: mwaka 1968 Tume ya Fursa Sawa za Ajira iliamua kwamba kuwawekea wanawake kikomo cha umri wakati wanaume hawawekewi ni ubaguzi wa kijinsia.

SHERIA YA 1967

Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Ubaguzi wa Umri katika Ajira tarehe 15 Desemba 1967. Ilianza kufanya kazi Juni 1968. Kwa kifupi ilisema hivi:

Mwajiri asimkatae mtu, asimfukuze, wala asimpunje mshahara kwa sababu ya umri. Tangazo la kazi lisitaje kikomo cha umri. Mashirika ya kutafutia watu kazi na vyama vya wafanyakazi navyo vinabanwa. Iliwahusu waajiri wenye wafanyakazi 25 na zaidi, na marekebisho ya 1974 yakashusha hadi 20 na kuingiza serikali za majimbo, za mitaa na hata ya shirikisho yenyewe.

Na anayelindwa ni nani? Mwenye miaka 40 mpaka 65. Hapa ndipo nilipocheka peke yangu maktaba. Sheria ya kuwakataza watu kuchora mstari wa umri, yenyewe imechora mistari miwili! Chini ya 40 hauko, ukifika 65 hauko tena. Ile 65 ilitoka kwenye sheria ya hifadhi ya jamii ya 1935, iliyoweka umri huo kuwa wa kuanza kupokea mafao. Kwa hiyo siku unapofikisha miaka 65 mwajiri alikuwa huru kukuonyesha mlango, kwa jina la kustaafu.

Milango mingine iliachwa wazi ndani ya sheria. Mwajiri anaweza kujitetea kwamba umri ni sifa ya lazima kwa kazi ile. Anaweza kusema alitumia sababu nyingine yenye mantiki ambayo si umri. Kumbukeni huo utetezi wa pili, maana umefanya kazi sana mahakamani.

WAZEE WANAINUKA

Mwaka 1969 daktari wa magonjwa ya akili, Robert Butler, aliupa ubaguzi huu jina lake la Kiingereza, linalofanana na majina ya ubaguzi wa rangi na wa jinsia. Kitu kikipata jina unaweza kukinyooshea kidole. Mwaka uliofuata Maggie Kuhn, aliyekuwa mfanyakazi wa kanisa, alitakiwa astaafu kwa kuwa amefika 65. Akakusanya wenzake waliopatwa na hayohayo, wakaunda kikundi kilichokuja kuitwa Gray Panthers. Sio wazee wa kukaa barazani kusubiri salamu, hawa. Waliandamana, na walifanya hivyo pamoja na vijana waliokuwa wanapinga vita ya Vietnam.

Mahakamani mambo yakawa magumu. Robert Murgia alikuwa askari polisi wa jimbo la Massachusetts. Sheria ya jimbo ilitaka askari wa sare astaafu akifika 50. Miezi minne kabla, Murgia alikuwa amepimwa afya na kufaulu vizuri. Akashtaki akitegemea Katiba: raia wote wanastahili ulinzi sawa wa sheria. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ikamkatalia. Ikasema wazee hawajapitia historia ya kutendewa ubaya wa makusudi kama waliobaguliwa kwa rangi, na uzee ni hatua ambayo kila mtu akijaliwa ataifikia. Kwa hiyo serikali ikiwa na sababu yoyote ya kueleweka, inatosha.

Jaji mmoja tu alipinga: Thurgood Marshall, jaji mweusi wa kwanza wa mahakama ile, wakili aliyeshinda kesi ya shule za kibaguzi mwaka 1954. Alisema kumnyima mtu kazi ni kumnyima kitu kikubwa katika maisha, na mtu wa umri ule akifukuzwa hapati nyingine kirahisi. Marshall alikuwa na miaka 67 siku ile, kwenye kiti ambacho hakina umri wa kustaafu. Majaji wenzake nao hivyohivyo.

Mahakama ilipofunga mlango, Kongresi ikafungua dirisha. Aliyekuwa mbele ni Claude Pepper wa Florida, jimbo lenye wastaafu wengi, na yeye mwenyewe amezaliwa 1900. Marekebisho ya 1978, yaliyosainiwa na Rais Carter, yalisogeza kikomo cha juu kutoka 65 hadi 70 kwa sekta binafsi, na yakakiondoa kabisa kwa wafanyakazi wengi wa serikali ya shirikisho. Mwaka 1986 kikomo kikaondolewa kwa karibu kila mtu. Pepper alikuwa na miaka 86. Aliyetia saini ni Rais Reagan, mwenye miaka 75. Nadhani hata kuwashawishi haikuhitaji hotuba ndefu.

Polisi na zimamoto waliachiwa utaratibu wao, na wakurugenzi wakubwa wenye pensheni nono pia. Na wahadhiri wa vyuo vikuu wenye ajira ya kudumu waliendelea kustaafishwa kwenye miaka 70 mpaka mwisho wa 1993. Vyuo vililalamika kwamba maprofesa wasipoondoka, vijana wenye shahada za uzamivu wataingia wapi? Hoja hii msiicheke, wadau. Ndiyo hoja yetu sisi. Kila siku tunasema wazee watupishe.

JIMBO NA SHIRIKISHO

Tukiwa bado kwa maprofesa, mwaka 1995 wahadhiri na wakutubi wa vyuo viwili vya serikali ya jimbo la Florida walifungua kesi. Madai yao yalikuwa kwamba bodi ya vyuo ilishindwa kutoa fedha za marekebisho ya mishahara yaliyokwishakubaliwa, na walioumia zaidi ni wenye umri mkubwa. Kesi yao, iliyobeba jina la Daniel Kimel wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, iliunganishwa na ya wahadhiri wawili wa Chuo cha Montevallo, Alabama, na nyingine ya mfanyakazi wa magereza ya Florida.

Januari 2000 Mahakama ya Juu ikaamua kwa kura 5 kwa 4: mtu binafsi hawezi kuishtaki serikali ya jimbo kudai fidia kwa kutumia sheria ile ya 1967. Mnajua ilisimamia nini? Murgia. Mantiki ilikwenda hivi. Majimbo yana kinga ya kutoshtakiwa na watu binafsi. Kongresi inaweza kuivunja kinga hiyo pale tu inapolinda haki ya kikatiba. Murgia ilishasema kubaguliwa kwa umri hakugusi Katiba kwa uzito huo. Basi kinga inabaki. Maneno ya "hakuna chuki hapa" yaliyoanzia kwenye ripoti ya 1965, yakapita kwa askari wa Massachusetts 1976, yakaja kuwaangukia wahadhiri wa Florida 2000.

Jaji Sandra Day O'Connor aliyeandika hukumu ile alikumbusha kwamba karibu kila jimbo lina sheria yake ya ubaguzi wa umri, na mfanyakazi anaweza kutafuta fidia huko. Na kweli, hapo ndipo sheria za majimbo zinapookoa watu. Hebu linganisheni. Sheria ya shirikisho inaanza kwenye wafanyakazi 20. California inaanza kwenye watano, na New York tangu 2020 inawabana waajiri wote, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Sheria ya shirikisho inaanza na miaka 40. New York na Minnesota zinamlinda mtu kuanzia miaka 18, na Michigan haikuweka umri wa kuanzia.

Hilo la vijana lilifika Mahakama ya Juu mwaka 2004. Kampuni ya General Dynamics ilikubaliana na chama cha wafanyakazi kwamba bima ya afya ya wastaafu itabaki kwa wale tu waliokuwa wamefika miaka 50. Wenye 40 hadi 49 wakashtaki: nasi tumebaguliwa kwa umri! Mahakama ikasema hapana. Sheria hii inamlinda mzee dhidi ya kijana, haimlindi kijana dhidi ya mzee. Kwa hiyo mtu wa miaka 24 anayeambiwa "wewe bado mdogo, hatukupi cheo hiki" hana pa kwenda Washington. Akiwa New York anapo.

Kisha ikaja kesi ya Jack Gross wa Iowa. Mwaka 2003, akiwa na miaka 54, kampuni ya bima ilimhamishia cheo kingine, na majukumu yake mengi yakaenda kwa mtu mwenye miaka ya arobaini mwanzoni aliyewahi kuwa chini yake. Jopo la raia mahakamani likampa ushindi na fidia. Kesi ikapanda. Mwaka 2009, tena kwa 5 kwa 4, Mahakama ya Juu ikasema haitoshi kuonyesha kwamba umri ulichangia. Lazima uthibitishe kwamba kama si umri, jambo lile lisingetokea. Kwa rangi au jinsia, ukionyesha kwamba ilichangia, mwajiri ameshavunja sheria. Kwa umri, hapana. Muswada wa kuondoa tofauti hii ulipitishwa na Baraza la Wawakilishi mwaka 2020 na tena 2021, haukupita Seneti. California, kwa upande wake, inataka uonyeshe tu kwamba umri ulikuwa sababu kubwa mojawapo.

Isiwe habari mbaya tupu. Novemba 2018 zimamoto wawili wa Arizona, mmoja alikuwa na miaka 46 na mwenzake 54 walipoachishwa, walishinda. Mwajiri wao, kikosi kidogo cha Mount Lemmon, alijitetea kwamba hana wafanyakazi 20. Mahakama ikasema, bila jaji hata mmoja kupinga, kwamba kwa taasisi za serikali za mitaa idadi haijalishi. Hukumu iliandikwa na Jaji Ruth Bader Ginsburg, akiwa na miaka 85.

INATUHUSU NINI?

Mtaniuliza, wewe unasomea ualimu, mambo ya Florida na Arizona yanakuhusu nini? Yananihusu. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeutaja umri, kwenye kifungu cha 7, katika orodha moja na rangi, kabila, dini na jinsia. Haukuwekwa pembeni. Kwa hilo tuliwatangulia Wamarekani, maana wao mpaka leo umri uko kwenye sheria yake.

Lakini chukueni tangazo la ajira serikalini msome masharti: mwombaji awe raia mwenye umri usiozidi miaka 45. Hesabu yake inaonekana. Kustaafu kwa lazima ni 60, na pensheni inataka uwe umechangia miezi 180, yaani miaka 15. 60 toa 15 ni 45. Hakuna chuki hapo. Ni pensheni, kitu kilekile Wirtz alichokitaja 1965 kwamba kinafunga mlango bila kukusudia. Wapo waliotutangulia kwenye ualimu waliohitimu miaka mingi iliyopita na bado wanasubiri ajira. Wakati wanasubiri, umri nao hausubiri. Aliyemaliza akiwa na 30 kwa sababu alichelewa kupata ada, akikaa mtaani zaidi ya miaka 15, tangazo linamwambia ameshazeeka kabla hajaanza.

Msimamo wangu basi. Waliotunga sheria ya 1967 walikuwa sahihi kwamba ubaguzi huu haufanani na wa rangi. Walikosea walipodhani kwamba pasipo chuki madhara yanakuwa madogo. Murgia hakuchukiwa na mtu, na kazi ilikwenda. Anayefungiwa mlango kwa makosa ya hesabu analala njaa sawasawa na aliyefungiwa kwa chuki. Tena mwenye chuki unamjua, unaweza kumwekea ulinzi. Anayedhania ni mtu mwema tu, mwenye heshima zake, pengine ni mimi na wewe tunaposema "yule mzee atajifunza kompyuta saa ngapi?" Njia pekee ni ile ya kumpima mtu kwa kazi. Mwalimu anaweza kufundisha au hawezi? Muweke darasani umwone.

Na lile swali la kuwapisha vijana silifuti. Kama maprofesa hawastaafu, sisi tutaingia lini? Mimi nasema dawa ni kuongeza viti, maana ukimwondoa mwenye kiti leo kwa umri wake, kesho ataondolewa wewe kwa utaratibu uleule ulioushangilia. Najua wapo wasiokubaliana nami, hasa kaka zangu wa uchumi. Uwanja ni wenu, semeni.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitawaletea maandalizi ya mazoezi ya kufundisha na vituko vyake. Kila la heri kwa wenye sapu, someni jamani.